Nyuzi za besi zinakwaruza? Tafuta chanzo kabla ya kugusa skrubu

Besi nyingi za kujifunzia hufika mikononi mwa mwanafunzi zikiwa hazijarekebishwa vizuri. Kiwandani zilifungwa nyuzi, zikatiwa kwenye boksi, kisha zikakaa safarini na ghalani muda mrefu huku joto na unyevu vikipanda na kushuka. Mbao hunywa unyevu na kuuachia, na shingo ya gitaa ni mbao. Mwanafunzi anapiga noti yake ya kwanza, anasikia "zzz" badala ya sauti nene iliyotulia, na anaanza kuamini kwamba vidole vyake havifai au kwamba ameuziwa gitaa bovu. Kwa kawaida si hili wala lile. Sehemu kubwa ya mikwaruzo hiyo unaweza kuimaliza mwenyewe ukiwa na alenkii zinazolingana na skrubu zako, bisibisi, rula ya milimita na tyuna (kifaa kinachoonyesha kama uzi umekazwa hadi kwenye noti yake).

Sharti ni moja: usigeuze kitu chochote kabla hujajua unachokitafuta. Kwenye gitaa kila sehemu inaivuta nyingine. Ukigeuza nondo ya shingo, kimo cha nyuzi kinabadilika. Ukipandisha nyuzi, noti za juu zinaanza kutoka nje ya tyuni. Anayeanza na skrubu iliyo karibu na mkono humaliza siku akiwa na matatizo matatu badala ya moja. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio, na ninakuomba uufuate hata kama una hakika kwamba tatizo lako liko hatua ya tano.

Tuelewane kwanza kuhusu majina ya sehemu. Kizingiti ni kile kipande chenye mifereji minne, kati ya kichwa cha gitaa na shingo. Freti ni vile vyuma vilivyolazwa kukingama shingo, na zinahesabiwa kuanzia upande wa kizingiti. Briji ni chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, na juu yake kuna vikalio vinne, kila uzi na chake. Nondo ni chuma kirefu kilichozikwa ndani ya shingo ili kupambana na mvuto wa nyuzi.

Kwanza, ni kelele gani hasa?

Chomeka besi kwenye amplifaya, fungua sauti, usipige chochote. Ukisikia mvumo usiokoma, na hasa ukipungua pale unapoweka mkono kwenye nyuzi au kwenye briji, hilo ni suala la umeme: waya wa ardhi, kebo, au kifaa kilicho karibu. Kurekebisha nyuzi hakutalisaidia kitu.

Mkwaruzo wa nyuzi ni tofauti. Unaanza pale unapopiga noti, unafifia pamoja na noti, na unausikia hata besi ikiwa haijachomekwa. Sasa jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi: besi ambayo haijachomekwa karibu siku zote hukwaruza kidogo. Uzi wa E ulio wazi, yaani usiobonyezwa popote, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, ni mnene, na unahitaji nafasi ya kupepea. Kugusana kidogo na freti ni kitu cha kawaida. Piga kila noti kupitia amplifaya kwa nguvu unayotumia siku zote. Kama noti inatoka safi na inadumu, mkwaruzo unaousikia kwa sikio pembeni hauna madhara, na ukiufukuza wote utaishia na nyuzi zilizo juu mno, zinazochosha vidole bila faida. Kinachohitaji kutibiwa ni mkwaruzo unaofika kwenye amplifaya, au unaoikatisha noti kabla ya wakati wake.

Mkono kabla ya bisibisi

Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 3, kidole kikiwa katikati ya nafasi kati ya freti ya 2 na ya 3. Piga. Sasa sogeza kidole mpaka kiwe nyuma tu ya freti ya 3, karibu kuigusa lakini si juu yake, na upige tena kwa nguvu ileile. Kwa wengi tofauti ni kubwa papo hapo, na nguvu inayohitajika kubonyeza inapungua. Kwenye freti za mwanzo nafasi ni pana, karibu sentimita 4 na nusu, kwa hiyo kidole kikibaki nyuma uzi haulali vizuri kwenye freti na unakwaruza.

Kisha angalia mkono wa kupiga. Ukiuvuta uzi kwenda juu, mbali na bodi, unaporudi utagonga freti. Kidole kiusukume uzi kuelekea uzi wa jirani yake, kisha kitulie hapo kwenye uzi huo. Halafu punguza nguvu. Wanaojifunza bila amplifaya hupiga kwa nguvu kupita kiasi kwa sababu hawajisikii, na mazoea hayo huwa magumu kuyaacha baadaye. Fungua sauti ya amplifaya kidogo zaidi, mkono ulegee.

Kama kuna mtu wa karibu anayeipiga besi vizuri, mpe aijaribu. Ikitoa sauti safi mikononi mwake, huna haja ya kufungua boksi la vifaa.

Nyuzi zenyewe

Tyuni besi iwe E, A, D, G, ukiwa na tyuna wala si kwa kukisia. Besi iliyoshuka tyuni ina nyuzi zilizolegea, na uzi uliolegea hupepea kwa upana zaidi. Wanaoshusha uzi wa E mpaka D bila kubadilisha kitu kingine wategemee mkwaruzo. Hapo uzi mnene zaidi ndiyo dawa.

Unene wa nyuzi una maana kubwa hapa. Seti ya kawaida ya besi ya nyuzi nne huandikwa 45–105, yaani uzi wa G una unene wa inchi 0.045 na wa E inchi 0.105. Seti nyepesi, kama 40–95, huvuta shingo kwa nguvu ndogo zaidi. Ukihama kutoka nyuzi nene kwenda nyembamba, shingo hujinyoosha, hata kurudi nyuma, na mikwaruzo inaibuka mahali ambapo haikuwapo. Si kosa la nyuzi. Shingo inahitaji kurekebishwa upya ilingane nazo.

Tazama nyuzi zilivyozungushwa kwenye vikazio, yaani zile nguzo za kichwani zinazokaza nyuzi. Uzi unapaswa kuzunguka mara mbili au tatu, kila mzunguko ukiwa chini ya uliotangulia, ili ushuke kwa pembe kutoka kwenye kizingiti. Uzi unaotoka kizingitini ukiwa karibu bapa haukikandamizi vya kutosha, na hutoa mkwaruzo au mlio wa ajabu unapopigwa wazi. Kwenye besi zenye vikazio vinne upande mmoja wa kichwa, uzi wa A ndiyo mhanga mkubwa: D na G hushikwa na kile kibano kidogo kichwani, E iko karibu na kizingiti, lakini A haina msaada wowote isipokuwa mizunguko yake. Ukiuzungusha mpaka chini kabisa ya nguzo ya kikazio, mara nyingi mkwaruzo wa A wazi unaisha palepale.

Jambo lingine dogo: uzi mpya wa besi ni mgumu, na haupindi wenyewe vizuri unapopita juu ya kikalio. Unabaki na tao. Ukishautyuni, ubonyeze kwa kidole gumba mbele tu ya kikalio, na mbele tu ya kizingiti, kwa upole. Utyuni tena. Na unapofunga uzi usiusokote. Uache ujizungushe huru kabla hujaukaza, kwa sababu uzi uliosokoteka hautetemeki sawasawa.

Chora ramani ya mkwaruzo

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Chukua karatasi, chora mistari minne ya nyuzi, andika namba za freti. Anza na uzi wa E wazi, kisha freti ya 1, ya 2, mpaka mwisho, ukipiga kwa nguvu ya kawaida. Kila panapokwaruza weka alama. Fanya hivyo kwa nyuzi zote nne. Haichukui muda mrefu, na ukimaliza karatasi itakuambia pa kwenda.

Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu, lakini ukatulia mara unapobonyeza freti ya 1, mfereji wake kwenye kizingiti umechimbika mno au uzi haukushuka kwa pembe. Mikwaruzo ikijaa kati ya uzi wazi na freti ya 5 hivi, halafu ikapungua kadiri unavyopanda, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwenda nyuma. Ikijaa kuanzia freti ya 12 kwenda juu, nyuzi ziko chini mno kwenye briji, au shingo imepinda mbele kupita kiasi na mtu akashusha nyuzi ili kufidia. Ikienea kila mahali, kimo ni cha chini kwa jumla. Na ikiwa ni noti moja au mbili tu, freti za jirani zikiwa safi, unatafuta freti moja iliyo juu au iliyolika.

Kumbuka kwamba uzi ukibonyezwa hugonga freti iliyo mbele yake, kuelekea briji. Noti ya freti ya 5 ikikwaruza, mshukiwa wa kwanza ni freti ya 6, si ya 5.

Kuna na mkwaruzo wa nyuma ya kidole: kipande cha uzi kati ya kidole chako na kizingiti kinatetemeka na kugusa freti za huko. Ugundue kwa kugusa kipande hicho kwa kidole kingine bila kukibonyeza. Kelele ikikatika, shingo imekosa upinde au kizingiti kiko chini.

Vilivyolegea

Kabla hujaamini kwamba ni nyuzi, piga noti inayosumbua huku mkono mwingine (au wa rafiki) ukikandamiza kitu kimoja baada ya kingine: nati za vikazio kichwani, kile kibano cha nyuzi, kifuniko cha tundu la nondo, fremu za pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), vifundo vya sauti, nati ya soketi ya kebo. Kwenye briji, kila kikalio kina skrubu mbili za kimo. Moja ikining'inia bila kukanyaga bati, kikalio kitatetemeka. Kilicholegea kikaze kwa kiasi, usilazimishe. Skrubu zinazoingia kwenye mbao zikikazwa kwa hasira hula tundu lake.

Shingo

Sasa tufike kwenye sehemu inayoogopwa, na isiyostahili kuogopwa ukienda taratibu.

Uzi unaotetemeka ni kama kamba ya kuruka inayozungushwa na watoto wawili: ncha zimetulia, katikati inapepea kwa upana. Shingo iliyonyooka kama rula haiachi nafasi kwa upana huo, kwa hiyo inapaswa kuwa na upinde mdogo mno kwenda mbele. Besi inauhitaji zaidi ya gitaa la kawaida kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na nene. Tangu Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951, urefu wa uzi wa inchi 34 kutoka kizingiti hadi kikalio, yaani takriban milimita 864, umekuwa kipimo cha besi nyingi. Nyuzi nne zilizotyuniwa huvuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 60, na nondo ndiyo inayozuia mvuto huo usiipinde kupita kiasi.

Kupima, tyuni besi kwanza, kisha uishike katika hali ya kupigwa. Ukiilaza chali mezani, uzito wa shingo hubadilisha kipimo. Funga kapo (kibanio kinachobonyeza nyuzi zote) kwenye freti ya 1, au ubonyeze hapo kwa kidole cha kushoto. Kwa mkono wa kulia bonyeza uzi wa E kwenye freti ambayo shingo inakutana na bodi. Uzi sasa ni rula yako iliyonyooka. Tazama nafasi kati ya chini ya uzi na juu ya freti ya 7 au ya 8. Unatafuta takriban milimita 0.3 hadi 0.4. Fila geji ya mafundi wa magari hupima hilo kwa usahihi, na kama huna, kadi ya biashara ya kawaida ina unene wa karibu na hapo: ipenyeze, inapaswa kupita ikiugusa uzi bila kuunyanyua.

Uzi ukiilalia freti bila nafasi yoyote, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma. Nafasi ikiwa milimita moja au zaidi, upinde umezidi.

Nati ya nondo iko kichwani, nyuma tu ya kizingiti, au upande wa bodi mwisho wa shingo. Tumia alenkii inayoingia kwa kukaza kabisa. Besi hutofautiana: nyingine ni za milimita, nyingine za inchi, na alenkii inayokaribia kutosha ndiyo inayoharibu nati. Ikicheza hata kidogo, itoe, tafuta nyingine.

Ukiitazama nati uso kwa uso, kuigeuza kuelekea inakoelekea mishale ya saa huikaza nondo na kuinyoosha shingo. Kuigeuza kinyume cha saa huilegeza, na nyuzi zinaivuta shingo ipinde mbele zaidi. Kwa hiyo mkwaruzo wa freti za mwanzo unatibiwa kwa kulegeza, yaani kinyume cha saa.

Geuza robo ya mzunguko tu, hata nusu ya robo ukipenda. Tyuni tena, maana nyuzi zitakuwa zimehama. Pima tena kwa kadi. Iache besi kwa saa chache au mpaka kesho, kwa sababu mbao huendelea kujipanga baada ya mkono kuondoka, kisha upime mara ya mwisho kabla hujageuza tena. Ukihitaji kukaza badala ya kulegeza, legeza nyuzi kwanza ili nati isifanye kazi dhidi ya mvuto wote, geuza, halafu urudishe tyuni.

Nati ikigoma, simama. Ikizunguka bila kubadilisha chochote hata baada ya mzunguko mzima, simama. Ukisikia mlio wa mbao, simama. Hapo kazi inahamia kwa fundi, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Nondo iliyokatika ndani ya shingo inaweza kugharimu kuliko besi ya kujifunzia yenyewe.

Na nondo isitumike kurekebisha kimo cha nyuzi, ingawa kishawishi ni kikubwa, kwa sababu kugeuza nati moja ni rahisi kuliko skrubu nane. Nondo ni ya upinde. Kimo kinarekebishwa kwenye briji.

Kimo cha nyuzi

Shingo ikishakaa sawa, simamisha rula kwenye freti ya 17, upime kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Pa kuanzia panapokubalika kwa besi nyingi ni karibu milimita 2.4 kwa uzi wa E na milimita 2 kwa uzi wa G, A na D zikiwa katikati. Hivyo si amri. Ukipiga kwa nguvu, nenda milimita 3. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown miaka ya 1960, alijulikana kwa nyuzi zilizo juu, na alipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Nyuzi za chini si sifa. Mwanafunzi hapaswi kushindana na mtu kwenye hilo.

Skrubu za vikalio mara nyingi huchukua alenkii ya milimita 1.5, au ya inchi 0.050 kwenye besi nyingine. Legeza uzi kidogo kwanza ili skrubu isichakae, geuza skrubu zote mbili za kikalio kwa kiasi sawa ili kikalio kibaki bapa, kisha tyuni na upime. Hesabu hii inasaidia: skrubu ya kawaida ya milimita 3 hupanda nusu milimita kwa mzunguko mmoja mzima. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo pale kimo kinaongezeka robo milimita tu. Ukigeuza nusu mzunguko na usione tofauti kwenye rula, mkono wako haukukosea. Rula ndiyo iliyofika mwisho wa uwezo wake. Sikiliza, kisha uongeze tena kidogo.

Pandisha uzi mmoja mmoja mpaka mkwaruzo usisikike tena kwenye amplifaya, halafu usipandishe zaidi. Ubao wa freti una mzingo kidogo, kwa hiyo nyuzi zifuate mzingo huo; A na D zikikaa chini ya E na G zitagusa freti kwanza.

Ukimaliza, hakiki tyuni ya juu. Piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, kisha upige), kisha noti iliyobonyezwa freti hiyohiyo, ukitazama tyuna. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu ya hamoniki, sogeza kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tyuni baada ya kila msogeo.

Kizingiti

Bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na utazame nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 1. Panatakiwa pawe na mwanya mdogo sana, wa kupitisha karatasi. Ukigonga uzi kwa ncha ya kidole juu ya freti ya 1 unapaswa kusikia "tik" ndogo uzi unapoigusa. Kama uzi umekwisha kuilalia freti, hakuna mlio, na mfereji umechimbika mno.

Thibitisha kabla ya kutibu: legeza uzi, utoe kwenye mfereji wake, weka kipande kidogo cha karatasi chini yake, urudishe na utyuni. Mkwaruzo wa uzi wazi ukiisha, umekipata chanzo. Karatasi yenyewe hunyonya sauti, kwa hiyo ni ya uchunguzi tu. Njia ya kujaza mfereji ni soda ya kuokea kidogo pamoja na tone la supaglu. Mchanganyiko huo huganda mara moja, unatoa joto na moshi wa kuwasha macho, kwa hiyo fungua madirisha na ufunike ubao wa freti kwa utepe. Kisha unachonga mfereji upya kwa tupa nyembamba, polepole, ukielekeza mteremko upande wa kichwa. Binafsi naona mwanafunzi abadilishe kizingiti kizima. Ni sehemu ya bei ndogo, na kile cha plastiki laini kilichokuja na besi za kujifunzia hakina cha kuhuzunikiwa.

Freti moja sumbufu

Ukifika hapa na noti moja bado inakwaruza, tafuta ukingo ulionyooka unaofunika freti tatu kwa wakati mmoja. Kadi ya benki isiyopinda inafaa, lakini si kila mahali. Kutoka freti ya 1 hadi ya 3 kuna karibu milimita 89, na kadi ina urefu wa milimita 85.6, kwa hiyo huko mwanzoni tumia kipande cha rula ya chuma. Upande mrefu wa kadi unafanya kazi kuanzia freti ya 4, na ukivuka ya 12 tumia upande mfupi, la sivyo utafunika freti nne na kipimo kitakudanganya. Weka ukingo juu ya freti tatu, chini ya uzi unaosumbua. Ukingo ukiyumba huku na huku, freti ya kati iko juu.

Ibonyeze freti hiyo kwa kijiti cha mbao. Ikishuka na kupanda, imelegea tu: weka kibao juu yake, igonge taratibu kwa nyundo ndogo mpaka ikae. Ikiwa imara lakini iko juu, inahitaji kusawazishwa kwa tupa, na ukiondoa chuma huwezi kukirudisha. Hiyo mpelekee fundi wa magitaa. Mpelekee pia freti zenye mashimo chini ya nyuzi, na shingo iliyojisokota, yaani ambayo ukiitazama kwa urefu kutoka briji kuelekea kichwani, upande wa E na upande wa G havipindi pamoja.

Ukienda, chukua ile ramani yako ya mikwaruzo, na uandike juu yake unene wa nyuzi zako, tyuni unayotumia, kipimo cha upinde na kimo cha freti ya 17. Piga mbele yake, kwa nguvu yako ya kila siku, noti zile ulizotia alama, ili airekebishe besi kwa mkono wako na si kwa wa kwake.